Uyoga wa magogo: simu, bahasha ya kaki, hadubini au vinasaba?

Anayetaka kurekodi uyoga unaoota kwenye magogo yaliyooza katika misitu yetu, iwe Amani kule Usambara Mashariki, Kakamega, au Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, ana njia nne mbele yake. Anaweza kupiga picha na kuipakia kwenye programu ya simu. Anaweza kuchukua kielelezo, akakiandikia daftarini, akakitoa chapa ya spora (vumbi laini ambalo uyoga huzaana kwalo) na kukikausha. Anaweza kununua hadubini. Au anaweza kupeleka kipande maabara kikasomwe vinasaba. Wengi huanza na ya kwanza na kukomea hapo. Wachache wenye fedha za mradi huruka moja kwa moja hadi ya nne.

Nitazilinganisha zote, ila niseme mapema kwamba nina upande. Kwa misitu hii, bahasha ya kaki yenye kielelezo kilichokauka vizuri na lebo inayosomeka inazidi hadubini, na mara nyingi inazidi hata vinasaba.

Kwa nini majina yanasumbua huku

Kazi za kutambulia uyoga wa Afrika Mashariki si nyingi. David Pegler alichapisha yake mwaka 1977 juu ya uyoga wenye vikunjo vyembamba chini ya kofia. Leif Ryvarden na mwenzake Johansen wakafuata mwaka 1980 na kazi juu ya uyoga wenye vitundu, ule mgumu unaotawala magogo. Zote mbili ziliitwa na waandishi wenyewe kazi za awali. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu chenye picha juu ya uyoga wa Tanzania, na kwa mtu asiye mtaalamu hicho ndicho cha kuanzia, akibahatika kukipata.

Majina mengi ya uyoga wa magogo yalitolewa kwa vielelezo vya Ulaya, kisha yakatumiwa kwa chochote kilichofanana navyo popote duniani. Vinasaba vilipoanza kusomwa, mengi ya majina hayo yakagundulika kuwa yanafunika spishi kadhaa. Hawksworth na Lücking walikadiria mwaka 2017 kwamba kuvu duniani ni kati ya spishi milioni 2.2 na milioni 3.8, na zilizokwisha kupewa majina ni takriban 150,000 tu. Kwa hiyo uyoga unaoupiga picha leo kwenye gogo la Amani huenda hauna jina bado. Ndiyo maana njia ya kurekodi mimi huipima kwa swali hili: baada ya miaka ishirini, mtu mwingine ataweza kuichunguza rekodi yako upya, au atalazimika kukuamini tu?

Picha na programu ya simu

Programu inayotumika zaidi ni iNaturalist. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea lisilo la faida. Unapiga picha, simu inaweka tarehe na mahali, kompyuta inapendekeza jina, na watumiaji wengine wanakubali au wanapinga. Rekodi yenye picha, tarehe na mahali, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya walioitambua (wasiopungua wawili) wamekubaliana jina la spishi, inapandishwa daraja la utafiti. Ikiwa leseni uliyochagua inaruhusu, inakwenda hadi GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe yenye makao yake Copenhagen.

Faida zake hazina ubishi. Ni bure. Unaweza kurekodi msituni bila mtandao na kupakia ukirudi kwenye bando. Hakuna unachoharibu, na hifadhini ambako hairuhusiwi kung'oa hata jani bila kibali, picha ndiyo njia pekee uliyo nayo.

Kasoro yake iko kwenye lile neno «wawili». Kompyuta imejifunzia kwenye picha zilizopakiwa, na nyingi ni za Marekani na Ulaya. Ukipiga picha ya uyoga mgumu wenye mng'ao mwekundu kwenye kisiki, itakupendekezea jina la huko kwa ujasiri mkubwa. Wewe unalibofya. Mtu wa pili, ambaye naye hajawahi kuugusa uyoga wa Afrika, anakubaliana nawe. Jina limeshaingia kwenye ramani za dunia na hakuna kitu cha kulipinga, maana uyoga wenyewe umeliwa na mende. Ushauri wangu: bofya jina la jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), au hata la familia (kundi la jenasi), halafu acha. Rekodi iliyosema «Ganoderma» na kunyamaza ina thamani kuliko iliyosema «Ganoderma lucidum» na kukosea.

Picha zenyewe ziwe nyingi. Moja ya gogo zima lilivyolala, moja ya uyoga kwa juu, moja ya chini ya kofia, moja ya pale uliposhikana na mti, moja ya uyoga uliokatwa katikati. Weka rula. Chini ya miti minene usitegemee flashi, inaua rangi. Egemeza simu kwenye jiwe au begi na uiache ichukue mwanga wake taratibu. Nimeona rekodi nyingi mno za uyoga wa vitundu zilizopigwa kwa juu peke yake. Hizo hata mtaalamu hawezi kuzisaidia.

Ndugu zake wawili wanastahili kutajwa. Seek, ya shirika lilelile, hutaja jina papo hapo ukielekeza kamera. Watoto wa shule wataifurahia, lakini kama hukupeleka ulichoona kwenye iNaturalist, hakuna rekodi. Mushroom Observer, iliyoanzishwa na Nathan Wilson mwaka 2006, ni ya kuvu tu. Hapo jina hupigiwa kura zenye viwango vya uhakika, na unaweza kuambatisha namba ya kielelezo na hata mfuatano wa vinasaba. Kwa utaratibu naipenda zaidi. Kwa kupata majibu juu ya uyoga wa Afrika, iNaturalist ina watu wengi zaidi, na kwa anayeanza hilo ndilo linaloamua.

Jambo moja la usalama: iNaturalist inakuruhusu kuficha mahali. Ukichagua hivyo, nukta inayoonekana na umma inatupwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande karibu na ikweta. Inafaa kwa shamba la mtu au kwa uyoga unaotafutwa na wachuuzi. Kwa kipande kidogo cha msitu inaondoa maana ya rekodi.

Daftari, chapa na bahasha

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndiyo njia inayodharauliwa.

Vifaa vinauzwa duka lolote la vifaa vya shule: penseli (wino unayeyuka na mvua), daftari gumu, bahasha za kaki, kisu kikali, kioo cha kukuzia. Mfuko wa nailoni acha nyumbani. Uyoga ukifungwa humo unatoka jasho na kuwa uji kabla hujafika barabarani. Kila kielelezo kipewe namba inayofuata, isiyorudiwa kamwe, na namba hiyo iandikwe sehemu tatu: daftarini, kwenye bahasha na kwenye kijikaratasi ndani ya bahasha. Ukipakia picha, namba hiyohiyo iende nayo.

Andika yale ambayo picha haibebi. Harufu. Ugumu: unakatika kwa vidole au unahitaji kisu? Ukiubonyeza chini unabadilika rangi? Halafu andika juu ya mti, na hili watu hulisahau kabisa. Ni mti gani kama unajulikana: mvule, mkangazi, mkaratusi, msonobari? Mzee wa kijiji anayelijua gogo kwa gome lake anakusaidia kuliko kitabu. Umesimama au umelala? Gome lipo? Na kuoza kwenyewe kukoje: mti umekuwa mweupe, laini, wenye nyuzinyuzi, au umekuwa wa kahawia na kupasuka vipande vya mraba? Ule wa kwanza ni uozo mweupe, ambapo kuvu imekula hata lignini, kile kinachoupa mti ugumu. Wa pili ni uozo wa kahawia, ambapo imekula selulosi, yaani nyuzi za mti, na kuiacha lignini karibu yote. Tofauti hiyo peke yake huondoa jenasi nyingi kwenye orodha yako.

Chapa ya spora haina gharama. Kata kofia, ilaze upande wa chini ukigusa karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa glasi, acha usiku kucha. Asubuhi rangi inasema. Nyeupe, au nyeupe yenye kizambarau cha mbali, yaelekeza kwenye Pleurotus, ambao ndugu zake wa kufugwa huuzwa sokoni kama uyoga mamama. Ya waridi, na vikunjo visivyogusa shina, yaelekeza kwenye Pluteus. Ya kutu ya chuma yaelekeza kwenye Gymnopilus. Kahawia iliyoiva au karibu nyeusi yaelekeza kwenye Psathyrella na Coprinellus. Wote hao huota kwenye mti uliooza, na wakiwa wachanga picha zao zinaweza kukuchanganya kabisa. Kwa uyoga mgumu wa vitundu chapa mara nyingi hushindikana kwa kuwa haukuwa msimu wake wa kutoa spora. Ganoderma hukurahisishia: vumbi lake la kahawia mara nyingi limeshatua juu ya kofia na kwenye majani ya jirani.

Kukausha ndiko kunakotofautisha kielelezo na takataka. Joto la nyuzi 40 hadi 45 na hewa inayopita. Mashine ya kukaushia matunda inafaa sana. Uyoga mnene ukatwe vipande. Jua linatosha kwa uyoga mwembamba mkavu, lakini kwenye ukungu wa Usambara utaozea kwenye ungo. Usiubanike: ukiiva, seli zimeharibika na vinasaba vimekatikakatika. Ukishakuwa mkavu wa kuvunjika, ufunge na silika jeli (punje zinazonyonya unyevu), na uyoga mgumu uuweke kwenye friza siku kadhaa kwanza kuua mabuu ya mende, la sivyo baada ya miezi utafungua bahasha ya unga. Kielelezo kilichotunzwa hivyo hudumu kuliko mkusanyaji. Mfano wa kushangaza ni Schizophyllum commune, kile kiuyoga cheupe chenye manyoya kilichojaa kwenye kuni na magogo yetu: vielelezo vikavu vilivyofungiwa kwenye mirija ya kioo mwanzoni mwa karne ya 20 viliwekewa maji baada ya zaidi ya miaka 50 na vikafunguka tena.

Kasoro za njia hii ni mbili. Inahitaji kibali, hasa kwenye hifadhi kama Amani, iliyotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Pia inahitaji mahali pa kuishia. Makabati ya nyumbani si hebaria, yaani hifadhi ya kitaalamu ya vielelezo vikavu. Zungumza mapema na hebaria ya chuo kikuu kilicho karibu, au ile ya Afrika Mashariki iliyopo Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, uulize wanapokea nini na kwa lebo ya namna gani.

Hadubini

Chombo kizuri, na watu hukinunua mapema mno. Kwa spora unahitaji ukuzaji wa mara 1000, maana yake lenzi ya mafuta, na rula ya ndani ya kupimia mikromita. Hadubini ya kuchezea yenye taa za rangi haitakufikisha huko. Ukiwa nayo ya kweli, unaona mambo yanayomaliza ubishi: spora za Ganoderma zenye kuta mbili na ncha iliyokatika, urefu wa manyoya ya Auricularia, aina za nyuzi zinazojenga uyoga mgumu. Lakini kuona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwa na andiko la kulinganishia, na kwa uyoga wetu mara nyingi andiko hilo ni lile la 1977 au la 1980.

Kabla ya hadubini, nunua kichupa cha KOH (potasiamu hidroksaidi) ya asilimia 3 hadi 10 na glavu, maana inaunguza ngozi. Tone moja kwenye nyama ya kahawia ya uyoga wa kundi la Phellinus linaigeuza nyeusi mara moja. Umepata familia nzima kwa sekunde chache.

Vinasaba

Mwaka 2012 wataalamu walikubaliana kwamba kipande cha DNA kinachoitwa ITS ndicho kiwe alama ya kutambulisha kuvu zote. Kipande cha uyoga cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha. Mfuatano ukisomwa, unalinganishwa na hazina kama GenBank au UNITE, na Nairobi ipo miundombinu ya kazi hiyo, kwa mfano katika ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo.

Watu wanatarajia jina. Mara nyingi wanapata asilimia ya kufanana na kitu ambacho nacho hakina jina, au kina jina alilobandika mtu bila kuchunguza. Mifuatano ya Afrika bado ni michache. Isitoshe, gogo lililooza limejaa kuvu nyingine. Trichoderma hupenya kwenye uyoga mzee, na usipochukua nyama ya ndani kwa kisu kisafi, maabara itakusomea ukungu wa kijani. Mfuatano usio na kielelezo nyuma yake ni ovyo kama picha isiyo na kielelezo, ila ni ghali zaidi.

Na kuna sheria. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa juu ya rasilimali za vinasaba, ianze kutumika mwaka 2014, kutoa nchini sampuli kwa ajili ya vinasaba ni suala la vibali na makubaliano ya kugawana manufaa. Rafiki wa Ulaya akikuambia umtumie «kipande kidogo tu» kwenye bahasha ya barua, mkatalie kwa upole.

Uyoga uleule, njia nne

| Uyoga | Picha | Kielelezo na chapa | Hadubini | Vinasaba |
|---|---|---|---|---|
| Schizophyllum commune | Inatosha | Si lazima | Si lazima | Si lazima |
| Microporus xanthopus (kofia nyembamba yenye miduara, mguu wa njano) | Inatosha ukionyesha mguu | Ni vizuri | Si lazima | Si lazima |
| Pycnoporus wa rangi ya chungwa kali | Karibu inatosha | Ni vizuri | Inasaidia | Kwa mtafiti |
| Auricularia (masikio) | Jenasi tu | Muhimu | Muhimu | Muhimu |
| Daldinia na Xylaria | Jenasi, ukiukata | Muhimu | Muhimu | Muhimu |
| Ganoderma | Jenasi tu | Muhimu | Inasaidia | Muhimu |
| Utando mweupe chini ya gogo | Hakuna kitu | Muhimu | Lazima | Lazima |

Mistari mitatu inahitaji maneno zaidi. Masikio yetu huandikwa Auricularia auricula-judae kila siku, lakini jina hilo ni la spishi ya Ulaya. Yetu yenye manyoya mgongoni huenda ikawa A. cornea, na yenye wavu upande wa chini iko kwenye kundi la A. delicata, ambalo lenyewe lina spishi kadhaa. Picha ya mgongo na ya chini, pamoja na kielelezo kikavu, vinampa mtaalamu pa kuanzia. Masikio hukauka kirahisi na yakilowekwa hurudi.

Daldinia ni yale madonge meusi magumu. Yakate: ndani kuna miduara ya kijivu na nyeusi. Mtu wa Ulaya angesema D. concentrica, na kwa joto letu kwa kawaida angekuwa amekosea, D. eschscholtzii ni mmoja wa wanaotazamiwa zaidi huku.

Ganoderma lucidum ilielezwa kwa kielelezo cha Uingereza karne ya 18, na jina likasambaa dunia nzima hadi kwenye vifungashio vya dawa. Afrika ina spishi zake. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walioshughulikia kuoza kwa mizizi ya mijakaranda ya Pretoria walieleza spishi mbili mpya, G. destructans na G. enigmaticum. Hao walikuwa kwenye miti ya barabarani ndani ya jiji, wala si msitu wa mbali. Ukikuta Ganoderma kwenye kisiki na una kibali, kausha.

Basi uchukue ipi

Kama wewe ni mtembezi, mwongoza watalii au mwalimu, na huna kibali cha kukusanya: iNaturalist, picha tano kwa kila uyoga, maelezo ya mti na uozo kwenye sehemu ya maandishi, jina uishie kwenye jenasi. Usiongeze kitu.

Kama unaishi jirani na msitu na utarudi kwenye magogo yaleyale: iNaturalist pamoja na bahasha za kaki, baada ya kuzungumza na ofisi ya misitu na hebaria. Hapa ndipo fedha kidogo inazaa zaidi. Fedha inayofuata iende kwenye mashine ya kukaushia na silika jeli, halafu KOH, halafu ndipo hadubini. Ukipiga chapa za spora, zipige kwenye kipande cha kioo badala ya karatasi pale inapowezekana. Siku mwenye hadubini akitokea, atapima spora bila kugusa kielelezo.

Kama ni mwanafunzi wa shahada mwenye bajeti ya maabara: chagua jenasi moja, Ganoderma au Auricularia, usome vinasaba vya vielelezo ulivyoviona mwenyewe na kuvipima kwa hadubini. Kusoma mifuatano mia ya kila kilichoota msituni kutakupa majedwali, na kamati itakuuliza vielelezo viko wapi.

Na kama unachotaka ni kujua kama uyoga huo unaliwa, hakuna hata moja kati ya njia hizi nne iliyo yako. Kwenye mti uliooza huota pia Galerina, jenasi yenye spishi zinazobeba sumu ileile ya ini inayopatikana kwenye Amanita wauaji, na programu ya simu haijui kama una sufuria jikoni. Mfuate mama anayeuchuma uyoga huo msitu uleule na kuupika kila msimu, umwonyeshe uyoga mzima, tangu kofia hadi pale uliposhikana na gogo. Asipoutambua, uache hapohapo.